REDIO KATIKA GARI: UIFUNGE MWENYEWE AU UMLIPE FUNDI?



Kila mwisho wa mwezi, mishahara ikisha kulipwa, swali moja huletwa mezani petu katika dispansari, ingawa sisi si gereji. «Muganga, nimenunua redio Uvira. Mtoto wa ndugu yangu anajua umeme kidogo. Tuifunge sisi wenyewe, au nimpe fundi wa Baraka pesa?» Wanatuuliza sisi kwa sababu wanajua ni nani anayeosha macho yaliyoingiwa na asidi na kufunga mikono iliyoungua. Basi leo tulijibu kwa urefu, maana jibu lake si «ndiyo» wala si «hapana».

Kazi ya kufunga redio ina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya. Moja, mtu mwangalifu anaweza kuifanya mbele ya nyumba yake siku ya Jumapili. Nyingine sharti amlipe mtu anayeijua, hata kama pesa inauma. Na kinachozitenga sehemu hizo mbili mara nyingi ni waya moja tu, ile inayotoka moja kwa moja kwenye batri.

Nguvu iliyomo ndani ya batri

Wengi huidharau batri ya gari kwa kuwa ukigusa ncha zake mbili kwa vidole vikavu husikii kitu. Ni kweli, volti 12 hazimpigi mtu kama volti 220 za jenereta. Lakini volti si habari yote. Kuna pia ampea, yaani wingi wa umeme unaopita. Stata inapozungusha injini huvuta ampea 150 au 200, na zaidi katika gari kubwa za mazuti. Batri hiyo hiyo inaweza kusukuma mamia ya ampea katika waya nyembamba ya redio, kama waya hiyo ikigusa bati la gari. Waya haistahimili. Kabla hujamaliza kusema «nini hiyo inanuka?» plastiki yake imeyeyuka, shaba imekuwa nyekundu kama chuma cha mhunzi, na zulia la gari limeshika moto.

Hapo ndipo tunaijua kazi ya fyuzi. Watu hudhani fyuzi imewekwa kulinda redio. Sivyo: kwanza inalinda waya. Fyuzi ndogo iliyo nyuma ya redio haikusaidii lolote kama waya imechubuka njiani, kati ya batri na redio. Ndiyo maana kila waya inayotoka kwenye ncha ya + ya batri lazima iwe na fyuzi yake karibu kabisa na batri, isipite sentimita 30. Ukifungua boneti ya gari lililofungwa redio au ampli, ukaona waya nyekundu imetoka kwenye batri na kuingia ndani bila fyuzi yoyote, ujue gari hilo linasubiri siku yake.

Na barabara zetu huiharakisha siku hiyo. Gari linalotoka Uvira kupitia Makobola, Mboko na Nundu hadi Baraka, kisha likapanda Fizi au likaelekea Lulimba na Misisi, hutikisika saa nyingi. Waya iliyopitishwa katika tundu la bati bila mpira wa kuikinga husuguliwa kidogo kidogo. Leo haionyeshi kitu. Baada ya miezi michache ngozi yake imekwisha, na shaba inagusa chuma. Ongeza hapo bidoni ya benzini iliyonunuliwa kwa kadafi wa barabarani na kuwekwa nyuma ya kiti, pamoja na abiria sita. Hatuhitaji kueleza zaidi.

Jambo jingine ambalo watu hawalitazamii ni pete. Mtu mmoja aliletwa kwetu akiwa na kidole kilichoungua mviringo mzima hadi nyama. Alikuwa anakaza ncha ya + ya batri kwa spana. Spana ikagusa bati la gari huku pete yake ikiwa katikati. Pete ilipata moto mara moja, wala hakuweza kuivua kwa kuwa kidole kilikuwa kimekwisha kuvimba. Tuliikata. Basi kabla ya kugusa batri vua pete, saa na bangili. Kisha fungua ncha ya − kwanza, na ukimaliza kazi, hiyo hiyo ya − iwe ya mwisho kurudishwa. Sababu yake ni hii: bati lote la gari limeunganishwa na −. Ukisha kuitoa, hata spana ikigusa + na bati, hakuna njia ya umeme kuzunguka. Ukianza na +, kila chuma kinachokuzunguka ni hatari.

Sehemu unayoweza kuifanya mwenyewe

Kama gari ni la volti 12, lilikuwa na redio tangu zamani, na wewe unatoa ile ya zamani na kuweka mpya mahali pale pale, basi waya na fyuzi za kiwandani zipo tayari. Huongezi njia mpya ya umeme. Tafuta soketi inayolingana na gari lako, ile yenye waya zilizokwisha kupangwa, ili usikate waya za gari hata moja. Soketi hiyo ni bei ndogo ukilinganisha na hasara ya kukata.

Redio nyingi za dukani hufuata rangi zile zile. Waya ya njano huchukua umeme wa siku zote, ili redio isisahau stesheni zake. Nyekundu hupata umeme pale tu ufunguo wa gari ukiwashwa. Nyeusi ni ya bati, yaani −. Spika za mbele ni nyeupe kwa kushoto na kijivu kwa kulia. Za nyuma ni kijani kwa kushoto na zambarau kwa kulia. Na kila moja ina mwenzake wa rangi ile ile wenye mstari mweusi. Hata hivyo usiziamini rangi za upande wa gari lenyewe, maana kila kiwanda kina desturi yake, na gari lililokwisha kupita mikono mitatu huwa na rangi za kila namna. Pima kwa kipimo cha umeme. Kama huna kipimo wala hujui kukitumia, kazi yako imeishia hapo, mpe fundi.

Waya za spika zenye mstari mweusi zisiunganishwe na bati la gari kamwe. Katika gari za zamani sana walifanya hivyo. Redio za siku hizi zikifanyiwa hivyo huungua ndani. Wala usifunge spika mbili katika waya za spika moja ili upate kelele zaidi. Redio itavuta umeme kupita kiasi chake na kuchemka.

Kila mahali ulipounganisha waya, zungushia utepe wa umeme au mpira wa kubana. Plasta ya hospitali si utepe wa umeme. Tunalisema hili kwa sababu tumeiona, na tunajua ilikotoka.

Hapa tuongeze neno kwa wale wenye gari zilizotoka Japani. Wengi hutupa redio nzuri kabisa wakidhani imekufa, kwa kuwa haishiki stesheni. Haijafa. Huko Japani redio za FM zilitengenezwa kushika megahezi 76 hadi 90, na za miaka ya karibuni hadi 95, lakini kwetu stesheni ziko kati ya 88 na 108. Kuna kifaa kidogo cha kubadilisha mawimbi, kinachofungwa kwenye waya ya antena na kupata umeme kidogo kutoka kwa redio yenyewe. Muulize fundi bei yake kabla hujanunua redio mpya. Huenda kikakutosha kwa kusikiliza habari.

Sehemu ya kumwachia fundi

Hapa hatubembelezi mtu. Kazi tatu zifuatazo usizifanye mwenyewe.

Ya kwanza ni ampli na spika kubwa ya besi. Tufanye hesabu pamoja, maana watoto wa shule walio nyumbani wanaweza kuifanya pia: wati ugawe kwa volti, unapata ampea. Ampli inayotoa kweli wati 500, ukigawa kwa 12, ni ampea kama 42, na ukihesabu nguvu inayopotea kuwa joto inapita 50. Waya ya taa ya nyumba, ile ya milimita moja na nusu ya mraba ambayo watu hupenda kuitumia kwa kuwa ipo, haiwezi kubeba hata theluthi ya mzigo huo kwa usalama. Inatakiwa waya nene ya shaba, ya milimita 10 za mraba au zaidi, na fyuzi inayolingana na waya hiyo. Tena jihadhari, waya nyingi za bei rahisi ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Kwangua kwa kisu. Ikiwa nyeupe ndani, haibebi sawasawa na shaba.

Kwa hesabu hiyo hiyo mtaweza pia kuwacheka wanaoandika maneno kwenye boksi. Redio imeandikwa «wati 50 mara 4», yaani 200. Itazame kwa nyuma. Ukikuta fyuzi ya ampea 10, zidisha kwa volti 14 za gari linalowaka: 140. Hizo wati 60 nyingine zinatoka wapi? Usimlipe mwuza duka kwa namba za boksi.

Ya pili ni lori na gari nyingine za volti 24, zenye batri mbili zilizofungwa mfululizo. Redio ya volti 12 ikipewa 24 huungua papo hapo. Wengine, kwa ujanja, huchukua umeme kutoka batri moja tu kati ya zile mbili. Redio inaimba, mwenye gari anafurahi. Lakini batri ile inazidi kudhoofika, na mwenzake anachajiwa kupita kiasi mpaka anachemsha asidi na kutoa gesi. Dawa yake ni kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12, kiwe cha ampea za kutosha.

Ya tatu ni gari lenye mifuko ya hewa katika usukani na dashibodi, ile inayofumuka wakati wa ajali. Waya na soketi zake kwa kawaida ni za rangi ya njano. Usizipime, usizivute, usichukue umeme kwao. Fundi anayejua hufungua batri na kungoja dakika kadhaa kabla ya kugusa dashibodi, kwa sababu umeme wa akiba hubaki ndani. Mfuko ukifumuka mtu akiwa ameinama mbele yake, unaweza kumvunja mifupa ya uso.

Lakini je, kila fundi ni fundi? Hapana. Baraka wapo walioijifunza kazi Uvira au Bujumbura, wapo waliorudi nayo kutoka Tanzania baada ya miaka ya ukimbizi, na wapo walionunua bisibisi jana. Kabla ya kukubaliana bei, mwulize kwa upole: «Fundi, fyuzi utaiweka wapi? Ya ampea ngapi? Waya itapita wapi katika bati?» Anayejua atakuonyesha kwa kidole. Anayekujibu «usijali mzee, niachie mimi» bila kuonyesha kitu, mwage kwa heshima. Pia atazame kama ana kipimo cha umeme au anajaribu kwa kugusisha waya ili aone cheche. Anayejaribu kwa cheche juu ya batri usimwachie gari lako.

Kazi ikiisha, fungueni boneti pamoja. Msiondoke kabla hujaiona fyuzi kwa macho yako. Halafu endesha nusu saa na kushika waya kwa mkono: uvuguvugu si neno, lakini ikiwa moto, rudi. Na fyuzi ikikatika mara kwa mara, usiweke kubwa zaidi, wala msumari, wala karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Inakatika kwa sababu kuna kosa mahali.

Batri, gesi na watoto

Muziki ukipigwa jioni nzima kando ya ziwa huku injini imezimwa, asubuhi gari haliwaki. Hapo watu huleta gari jingine na waya za kuazimana umeme. Batri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, na gesi hiyo ikifika sehemu 4 kwa 100 za hewa hulipuka kwa cheche moja. Kwa hiyo unganisha + na +, kisha − ya batri nzima kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na batri yake. Cheche ya mwisho itatokea huko, si juu ya gesi. Sigara iwe mbali.

Asidi ikiingia jichoni, usikimbie kutafuta gari. Maji kwanza, pale pale, maji mengi safi yanayomiminika, kope zikifunguliwa kwa vidole, dakika 20 hadi 30. Halafu ndipo kwa mganga. Si maziwa, si mafuta, si limau. Aliyeungua kwa moto au waya naye apewe maji ya baridi yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno na majivu hutuongezea kazi ya kusafisha kidonda.

Mama, batri iliyo nyumbani kwa ajili ya paneli ya jua au redio ni ile ile. Maji yake ya asidi huuzwa katika chupa za plastiki zinazofanana na chupa za maji ya kunywa. Usiyahifadhi ndani ya chupa ya namna hiyo, wala mahali mtoto anapofika. Mtoto akinywa, msukutue kinywa, usimtapishe, maana kinachopanda kitaunguza koo mara ya pili. Mpeleke mara moja hospitali iliyo karibu, iwe Baraka, Nundu au Fizi, na chupa uichukue.

Masikio

Tumefika kwenye jambo ambalo hata fundi bora hawezi kukulinda nalo.

Sikio lina chembe ndogo zenye vinyweleo ndani ya konokono lake. Sauti kubwa huzilaza, na zikilazwa mara nyingi hufa. Hazioti tena, wala hakuna sindano ya kuzifufua. Waganga wa kazi hukubali desibeli 85 kwa muda wa saa 8. Kila desibeli 3 zinazoongezeka, nguvu ya sauti inakuwa mara mbili na muda wa usalama unakatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15 tu. Mashine ya kutoboa mwamba hufika 110 na kupita. Gari lililofungiwa ampli, madirisha yakiwa yamefungwa, linapita 100 bila shida.

Sasa fikiri. Karani aliyeketi ofisini kimya siku nzima anaweza kusikiliza muziki kwa sauti kidogo wakati wa kurudi. Wewe uliyesimama karibu na mashine, au kwenye kinu cha kusaga mawe, hata ukiwa umevaa vizibo vya masikio, sehemu kubwa ya haki yako ya kelele kwa siku ile imekwisha kuliwa. Unatoka kazini masikio yamechoka. Hausikii vizuri, kwa hiyo unapandisha sauti. Unaona ni ya kawaida.

Kuna njia rahisi ya kujipima, haigharimu faranga. Jioni ukifika nyumbani usiguse kitufe cha sauti. Zima gari tu. Asubuhi, baada ya kulala, washa redio bila kuibadilisha. Kama imekushitua, hiyo ndiyo sauti uliyoiona ndogo jana. Masikio yako yalikuwa yameziba kwa kelele na usiku yamepumzika. Itafika siku ambapo asubuhi haitakushitua tena, na siku hiyo si ya kufurahia.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiasi fulani, na kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wamo hatarini kwa sababu ya muziki wa sauti kubwa. Kwa mtu wa mgodini upungufu huo si wa kushindwa kusikia rumba tu. Ni wa kutosikia mwamba unaolia kabla ya kuanguka, au honi ya lori linalorudi nyuma. Na nyumbani ni mke anayedhani umekasirika kwa kuwa hujibu.

Kiasi kizuri ni hiki: aliye kiti cha pili aseme kwa sauti ya kawaida nawe umsikie. Ikiwa sharti apaze sauti ingawa yuko hatua moja tu kutoka kwako, mmepita 85. Spika za nyuma, zile zinazowekwa juu karibu na vichwa vya watoto, zipunguzwe zaidi ya za mbele. Redio nyingi zina kitufe cha kazi hiyo. Na kama mnapenda gitaa la solo, mtaona kwamba linasikika safi zaidi sauti ikishuka, maana spika ndogo zikilazimishwa hukoroma.

Gari za kampuni hazifungwi redio wala ampli na mtu yeyote isipokuwa gereji ya kampuni. Dereva anayetaka redio aandike ombi kwa mkuu wa gereji.

Anayesikia mlio masikioni, au ambaye watu wa nyumbani wanalalamika kwamba hasikii, aje dispansari apimwe. Aje asubuhi kabla ya kuingia kazini, na njiani asifungue redio. Akija jioni baada ya zamu, masikio yaliyochoka yatatupa majibu ya uongo, na itabidi arudi tena.